Kilichobaki Chini ya Bodi

Katika minada ya mashamba huko Iowa, Illinois na Ohio, pembezoni mwa uwanja, karibu na ua, huwa hapakosi chasisi ya gari la shamba isiyo na bodi. Ni ekseli mbili, magurudumu manne, boriti moja ndefu inayoziunganisha ekseli hizo, na chuma cha kukokotea kilicholazwa kwenye nyasi. Rangi imebanduka, kutu imeenea, na jina la aliyeiunda halionekani popote. Mnunuzi hulipa bei ndogo, huifunga nyuma ya pikapu na kuondoka nayo. Akifika nyumbani ndipo swali linapomkabili: hii ni ya kampuni gani, na ni modeli gani?

Wakusanya vitu vya kale wanalipenda swali hilo, lakini wenye haja nalo zaidi ni wakulima. Chasisi yenye miaka 60 au 70 bado inafanya kazi katika mashamba mengi ya Marekani, ikibeba robota za majani, kuni na nafaka. Beringi yake ikilika, muuza vipuri atataka namba. Zaidi ya hapo kuna suala la mzigo. Bodi ya kumwagia nafaka ya busheli 200, ikijazwa mahindi yaliyopukuchuliwa yenye ratili 56 kwa kila busheli, inakuwa na shehena ya zaidi ya tani 5, mbali na uzito wa bodi yenyewe. Ikiwa chasisi iliyo chini iliundwa kubeba tani 3, ncha ya ekseli inaweza kukatika barabarani na gari zima likapinduka mbele ya watu. Uwezo huo haukadiriwi kwa macho. Unajulikana kwa kuijua modeli.

Na modeli inajificha. Trekta lina kibati cha namba kilichopigiliwa na kiwanda. Chasisi nyingi za magari ya shamba hazikuwa nacho, au kilidondoka zamani. Isitoshe, tangu mwanzo bodi na chasisi viliuzwa kama vitu viwili. Bodi ya mbao ikioza hung'olewa ikawekwa nyingine, na baada ya miaka inakuja ya chuma ya kampuni tofauti kabisa. Ndiyo maana jina lililoandikwa ubavuni mwa gari halithibitishi chochote kuhusu kilicho chini yake. Ushahidi umebaki katika vyuma vyenyewe, na vyuma hivyo havisomeki na mtu asiyejua viwanda vyake vilizaliwaje, vikamezana vipi, na kila kimoja kilifanya nini katika mwaka upi. Kwa hiyo inabidi tuanzie kwenye mbao.

Katikati ya karne ya 19 gari la shamba la Marekani lilikuwa la mbao karibu lote. Ekseli ilichongwa kwa hikori, mti mgumu unaokubali kupinda kabla ya kukatika. Spoki zilikuwa za mwaloni au hikori. Ukanda wa chuma ulipashwa moto hadi ukapanuka, ukavishwa gurudumu, kisha ukamwagiwa maji ili unywee na kubana kila kiungo. Magurudumu ya mbele yalikuwa madogo kuliko ya nyuma, kwa kawaida inchi 44 kwa 52, kwa sababu ekseli ya mbele iligeuka yote kwa pamoja juu ya pini moja ya katikati, na gurudumu lilihitaji nafasi ya kuingia chini ya bodi wakati wa kona.

Mbao kusugua mbao hakukudumu. Ndiyo maana ncha ya ekseli ilivishwa ala ya chuma cha kusubu yenye umbo la koni, na gurudumu likazunguka juu ya ala hiyo, likilainishwa kwa lami ya msonobari iliyochanganywa na mafuta ya wanyama. Ala hii ndiyo sehemu ya kwanza anayopaswa kuitazama mtu aliyeokota chasisi ya mbao. Gari lilitajwa kwa kipimo chake: inchi tatu na robo kwa kumi, yaani unene wa ala na urefu wake, na mkulima alijua papo hapo ni mzigo kiasi gani litabeba. Mara nyingi kiwanda kilisubu jina au alama yake kwenye ala, mahali ambapo rangi ikififia jina linabaki. Nati za upande wa kushoto zilikuwa na hesi ya kinyume, ili gurudumu likizunguka kwenda mbele lisiifungue nati yake. Ukikuta upande wa kushoto wenye hesi ya kawaida, kuna mtu amebadilisha kitu.

Waliounda magari hayo walikuwa wengi, na karibu kila mji wenye mhunzi na seremala ulikuwa na wake. Wachache walikua wakawa majitu. Peter Schuttler, mhamiaji kutoka Ujerumani, alianza Chicago mwaka 1843. Henry Weber alimfuata katika mji huohuo mwaka 1845. Racine, Wisconsin, ulikuwa na Mitchell. Mwaka 1852, ndugu wawili, Henry na Clement Studebaker, walifungua karakana ya uhunzi South Bend, Indiana, wakiwa na mtaji wa dola 68.

Habari ya ndugu hawa inastahili nafasi, maana bila fedha iliyotoka machimboni huenda jina lao lisingevuka mipaka ya Indiana. Mdogo wao John alikwenda California mwaka 1853 kutafuta dhahabu. Alipofika Placerville hakuchimba; alitengeneza matoroli ya mkono na kuwauzia wachimbaji. Mwaka 1858 alirudi nyumbani na dola 8,000, akanunua sehemu ya Henry, na fedha hiyo ikaibadilisha karakana kuwa kiwanda. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipoanza mwaka 1861, jeshi la Kaskazini liliagiza magari kwa wingi. Miongo michache baadaye Studebaker ilijitangaza kuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani ya kuunda magari ya kukokotwa na farasi, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kubisha. Ilianza kutengeneza magari ya umeme mwaka 1902 na ya petroli mwaka 1904. Ilipofika karibu mwaka 1920 ikaachana na farasi, na biashara yake ya magari ya shamba ikachukuliwa na Kentucky Wagon ya Louisville, iliyoendelea kuuza magari yenye jina la Studebaker. Mtu anayeona jina hilo kwenye boriti na kuhitimisha kwamba gari lilitoka South Bend anaweza kuwa amekosea kwa kilomita mia nne na kwa kiwanda kizima.

Kipimo kingine cha enzi ya mbao ni upana kati ya gurudumu na gurudumu. Barabara za udongo zilikuwa na mifereji miwili iliyochimbwa na magari yaliyotangulia, na gari lisiloingia sawasawa kwenye mifereji hiyo lilitesa wanyama na kuvunja spoki. Majimbo ya Kusini yalipenda upana mkubwa zaidi, karibu futi tano, na viwanda vya Kaskazini vililazimika kuunda aina mbili ili kuuza pande zote. Gari la injini lilipoenea likaleta upana wake wa inchi 56, likachimba mifereji yake, na waundaji wa magari ya farasi wakalifuata. Chasisi ya mbao yenye upana wa inchi 56 na tangazo la upana wa motokaa katika katalogi yake ni ya miaka ya mwisho ya enzi ya farasi, na utambuzi huo unahitaji futi kamba tu.

Chuma kiliingia kupitia magurudumu. Mwaka 1890 ilianzishwa Quincy, Illinois, kampuni iliyojiita Electric Wheel, kwa sababu iliunganisha spoki za chuma kwa kulehemu kwa umeme, jambo lililokuwa jipya kabisa wakati huo. Biashara yake ya kwanza ilikuwa kumuuzia mkulima magurudumu mafupi ya chuma ya kuvisha gari lake kuukuu la mbao. Gari likawa fupi, na kupakia majani au samadi hakukumvunja mtu mgongo. Lakini ili gurudumu litoshee, mkulima alipaswa kupima ala zake na kupeleka vipimo kiwandani. Kwa hiyo kazi ya kuzitambua chasisi kwa vipimo ilianza wakati chasisi zenyewe zikiwa bado changa. Na kwa ajili hiyohiyo, magurudumu ya Electric hukutwa leo chini ya magari ya makumi ya viwanda vingine. Gurudumu peke yake halitoshi kuwa shahidi.

Aliyepeleka chuma hadi kwenye ekseli yenyewe ni William Bettendorf. Huyu alikuwa mvumbuzi wa kweli, na inasikitisha kwamba nje ya Iowa hatajwi sana. Alianza na jembe la kukokotwa linalojiinua lenyewe, akaendelea na gurudumu la chuma, halafu akabuni ekseli ya chuma yenye uwazi ndani, nyepesi lakini ngumu. Kiwanda chake cha Davenport kiliungua mwaka 1902. Mji mdogo jirani wa Gilbert ulimkaribisha, akajenga upya huko, na mwaka 1903 wakazi wakaubadilisha jina mji wao ukaitwa Bettendorf, jina ulilo nalo hadi leo. Miaka miwili baadaye aliuza biashara ya magari ya shamba na kuzama katika mabehewa ya reli. Aliyenunua alikuwa International Harvester.

Hapo ndipo mti wa ukoo unapotatanisha. International Harvester iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha McCormick, Deering na kampuni nyingine tatu za mashine za kuvunia. Mwaka 1904 iliichukua Weber ya Chicago, na mwaka 1905 chasisi za Bettendorf. Deere & Company ya Moline, Illinois, iliyokuwa maarufu kwa majembe tangu John Deere alipotengeneza jembe lake la chuma mwaka 1837, ilijipanga upya karibu mwaka 1910 na 1911 na kuziweka chini yake Moline Wagon na Davenport Wagon, hii ya pili ikijulikana kwa magari ya chuma. Majina ya zamani hayakufutwa mara moja, kwa sababu wakulima waliyaamini. Kwa miaka mingi gari lilitoka kiwanda kimoja likiwa na jina la baba yake aliyekwishanunuliwa. Anayetafuta asili ya chasisi ya miaka hii lazima ajiulize maswali mawili: ni jina gani limeandikwa, na wakati huo jina hilo lilikuwa mikononi mwa nani?

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalikuja na mpira. Mwaka 1932 Allis-Chalmers ya Wisconsin, ikishirikiana na Firestone, ilitoa trekta la Model U lenye matairi ya upepo. Wakulima walikuwa na mashaka. Waliona tairi la mpira litateleza na kupasuka shambani. Ili kuwashawishi, kampuni iliyakimbiza matrekta hayo mbele ya umati kwenye maonyesho, na mwaka 1933 Barney Oldfield, dereva mashuhuri wa mashindano, aliendesha moja kwa kasi ya zaidi ya maili 60 kwa saa. Shambani hakuna aliyehitaji mwendo huo. Lakini trekta la kawaida sasa liliweza kutembea barabarani maili 10 au 15 kwa saa, na gari lililo nyuma yake, lililoundwa kwa mwendo wa farasi, likaanza kuyumba.

Sababu ya kuyumba ni ile pini moja ya katikati. Ekseli ya mbele inapogeuka yote kwa pamoja, kila jiwe linalogonga gurudumu moja huisukuma ekseli nzima, na mti wa kukokotea hupiga huku na huku. Farasi wanavumilia kwa mwendo wa mguu. Kwa mwendo wa trekta, gari huchezacheza hadi kuingia mtaroni. Dawa yake ilikuwa imejulikana zaidi ya miaka mia moja: mwaka 1817 Georg Lankensperger wa Munich alibuni gari la farasi ambalo ekseli yake haigeuki, bali kila gurudumu la mbele hugeuka juu ya pini yake lenyewe, na mwaka uliofuata Rudolph Ackermann aliisajili hataza yake London, ndiyo maana mfumo huo unaitwa kwa jina la Ackermann. Motokaa zote ziliuchukua. Magari ya shamba yaliufikia yalipolazimishwa na trekta: ekseli ya mbele ikatulia, chuma cha kukokotea kikashikana na tairodi mbili, na tairodi zikayageuza magurudumu. Hakukuwa tena na haja ya magurudumu madogo mbele.

Kwa mtambuzi, mpaka huu uko wazi kuliko mingine yote. Chasisi inayogeuza ekseli nzima imetoka katika ulimwengu wa farasi, hata kama mtu ameivisha matairi ya mpira baadaye. Yenye tairodi iliundwa kwa ajili ya trekta.

Katikati kuna watoto wasio na ukoo. Ford ilitengeneza zaidi ya motokaa milioni 15 za Model T kati ya mwaka 1908 na 1927, na zilipochakaa, katika miaka ya dhiki ya 1930, wakulima walizivua injini na bodi, wakachukua ekseli na chasisi, wakapata gari la kubebea majani bila gharama. Vyuma hivyo bado vinafukuliwa kwenye vichaka, na mtu anaweza kuhangaika na katalogi za Deere na Harvester asipate kitu, kwa sababu anachokitazama ni motokaa. Msomaji wa Nakuru au Arusha hatashangaa hata kidogo: mikokoteni mingi ya punda na ng'ombe ya kwetu imejengwa juu ya ekseli za magari mabovu, na fundi aliyelehemu hakuacha jina. Vita Kuu ya Pili ilipoanza na mpira ukawa wa mgawo, baadhi ya viwanda vilirudi kwenye magurudumu ya chuma kwa muda. Kwa hiyo gurudumu la chuma chini ya chasisi yenye tairodi si lazima liwe la kubandika. Linaweza kuwa la asili, la miaka ya vita.

Baada ya vita ikaja mvua ya chasisi. Mwaka 1954 idadi ya matrekta katika mashamba ya Marekani ilizidi kwa mara ya kwanza ile ya farasi na nyumbu, na kila trekta lilihitaji kitu cha kukokota. Kuunda chasisi ya chuma hakukuhitaji mtaji mkubwa: mashine ya kulehemu, msumeno, vyuma vya mabomba, beringi za kununua. Viwanda vidogo vikachipuka kila mahali. Shady Grove, Pennsylvania, mwaka 1947, ndugu John na Dwight Grove pamoja na rafiki yao Wayne Nicarry walianza kuunda magari ya shamba ya matairi katika banda la kukodi la kuegesha magari mawili. Vyuma vilikuwa vizito, wakajitengenezea kreni ya kuvinyanyulia. Wateja waliokuja kununua magari wakaitaka kreni. Leo jina la Grove limeandikwa kwenye kreni zinazofanya kazi katika miji na bandari za dunia nzima, na wengi wanaozipita hawajui kwamba chanzo chake ni gari la kubebea majani.

Minnesota nako, gereza la jimbo la Stillwater lilikuwa na kiwanda chake. Wafungwa walisokota kamba za kufungia mazao tangu miaka ya 1890, na tangu mwanzoni mwa karne ya 20 waliunda mashine za shamba zilizouzwa kwa jina la Minnesota, zikiwemo chasisi za magari. Zilikuwa imara na bei yake ilikuwa nafuu, na zimebaki nyingi. Sears, duka kubwa la kuuza kwa posta, liliuza zake kwa jina la David Bradley, kiwanda lilichokinunua mwaka 1910. New Idea ya Coldwater, Ohio, iliyopata jina kwa mashine za kutawanya samadi, ilikuwa na zake. Na John Deere ilitoa chasisi zilizofuatana kwa namba: 953, 963, baadaye 1065 na 1075, namba ambazo hadi leo wakulima wa Iowa huzitaja bila kuhitaji kueleza zaidi.

Kazi ya magari hayo nayo ilikuwa imebadilika. Bodi ya zamani ya urefu wa futi kumi na nusu na upana wa inchi 38 ilipimwa kwa mahindi yenye magunzi: kila inchi moja ya kina ilikuwa karibu busheli moja, na upande mmoja ulisimamishwa ubao mrefu ili mvunaji arushe hindi bila kutazama, ligonge ubao na kuanguka ndani. Kombaini ilipoanza kupukuchua shambani, ikaja bodi ya chuma yenye sakafu ya mteremko inayojimwaga yenyewe, na uzito juu ya chasisi ukaongezeka mara kadhaa. Kwa upande wa majani, mashine za kufunga robota zilitumia kamba za katani, na katika miaka hiyohiyo Tanganyika ndiyo iliyoongoza duniani kwa zao hilo, ikifikia takriban tani 230,000 mwaka 1964. Mkulima wa Wisconsin hakuijua Tanga, lakini katani ndiyo iliyoyashika majani aliyoyapanga juu ya gari lake.

Sasa tuinamie chasisi moja ya kipindi hiki, ya tairodi na matairi, isiyo na rangi wala kibati. Kazi ianze kwa brashi ya waya, si kwa kisaga-chuma, maana kisaga-chuma hufuta herufi zenye kina kidogo. Mahali pa kusugua ni pale palipotumika chuma cha kusubu: kwenye mikono inayoshika pini za magurudumu ya mbele, kwenye kitovu cha gurudumu, na kwenye kipande kinachoshika boriti ndefu kwenye ekseli ya nyuma. Herufi na namba zilizotokeza juu zitaonekana hapo. Lakini namba hizo ni za kipande, wala si za modeli, na mara nyingi haziko sawa hata na namba ya kipuri iliyoandikwa katika kitabu. Kipande kimoja kiliweza kutumika katika modeli tatu. Faida yake ni kwamba inakupeleka kwenye kiwanda, na kiwanda kikishajulikana, vitabu vyake vya vipuri vinaweza kutafutwa na michoro kulinganishwa.

Baada ya hapo tazama umbo la ekseli: ni bomba la duara, la mraba, au ni vyuma viwili vilivyolehemiwa pamoja? Kila kiwanda kilikuwa na tabia yake na hakikuibadilisha ovyo, kwa sababu kubadilisha kulimaanisha kuunda vifaa vipya. Tazama boriti ndefu: kama ni bomba ndani ya bomba lenye matundu, hesabu matundu na upime nafasi kati yake. Tazama nguzo nne zinazoizuia bodi isiteleze, na upime umbali kati yake. Inchi 38 ni kipimo cha bodi ya zamani, 42 ni cha baadaye. Tazama tairodi zinashikana wapi na chuma cha kukokotea, mbele ya ekseli au nyuma yake. Hapa ndipo modeli mbili za kampuni moja, zinazofanana kwa kila kitu kingine, mara nyingi hutengana.

Magurudumu nayo yana lake la kusema, ila yasikilizwe kwa tahadhari. Hesabu bolti, 5, 6 au 8, na upime duara linalopita katikati yake. Rimu ya inchi 16 kwa kawaida ni ya miaka ya mwanzo, ya inchi 15 ni ya baadaye, kama ilivyokuwa kwenye motokaa. Lakini rimu hubadilishwa kila mara tairi linapokosekana, kwa hiyo kitovu kina ushahidi mzito kuliko rimu.

Kisha fungua kitovu, futa grisi na utoe beringi. Henry Timken, aliyesajili hataza ya beringi ya rola zenye mshazari mwaka 1898, alikuwa muunda magari ya farasi wa St. Louis, na aliibuni kwa sababu aliona magari hayo yanaelemewa kwenye kona. Beringi za namna hiyo zina namba iliyochapwa ubavuni, na namba hiyo haitegemei kiwanda cha gari. Beringi za vitovu vyote vinne zikilingana kwa namba, na namba hizo zikipatikana katika kitabu cha kiwanda ulichokihisi kutokana na vyuma vya kusubu, basi umekaribia sana. Rangi iachwe hadi mwisho. Kwangua chini ya bolti ambayo haijawahi kufunguliwa. Rangi ya kwanza hubaki hapo hata kama gari limepakwa mara tano. Kijani kinaelekeza kwa Deere na nyekundu kwa Harvester, lakini rangi iliyopatikana mahali pengine popote isihesabiwe, kwa sababu wakulima walipaka chasisi zao rangi ya trekta lililokuwa likizikokota.

Ninaamini kazi hii ina thamani hata pale ambapo mzigo si tatizo. Viwanda vingi vya orodha hii vimefungwa, na kumbukumbu zao zimetawanyika. Electric Wheel ilinunuliwa na Firestone mwaka 1957, na baadaye kiwanda chake cha Quincy kikawa mzizi wa Titan, kampuni ya magurudumu ya mashine za shamba. Schuttler na Weber hawapo. Watu waliochonga ekseli za hikori na wafungwa waliolehemu chasisi za Minnesota hawakuandikwa popote pengine zaidi ya katika vitu walivyovitengeneza, na kila chasisi inayotambuliwa kabla ya kupelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu inaongeza ukurasa mmoja katika habari zao.

Utambuzi hauishii kwenye jina moja kila mara. Mkulima aliyevunja ekseli ya nyuma mwaka 1962 alichukua iliyopo, na chasisi nyingi zina mbele ya kampuni moja na nyuma ya nyingine, zikiwa zimeunganishwa kwa boriti iliyotoka kwa jirani. Ya namna hiyo husomwa vipande viwili, kila ekseli kwa kitabu chake. Uwezo ukishajulikana kwa kila upande, bodi inayowekwa juu inachaguliwa kwa kufuata ekseli iliyo dhaifu, na matairi yakiwa na kiwango cha chini kuliko ekseli hiyo, yanafuatwa matairi.